Shuleni wanataka niseme natoka Marekani

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33 kutoka Taita. Nafundisha Kiingereza katika shule moja ya kibinafsi kwenye mji wa wastani huko Isaan, kaskazini mashariki mwa Thailand. Nina shahada ya ualimu, Kiingereza na Fasihi, na nimesajiliwa na TSC, tume ya serikali ya Kenya inayosajili na kuajiri walimu. Kabla ya kuja huku nilizunguka shule za kibinafsi za Voi na Mombasa, mshahara ukija leo ukikosa kesho, huku nikisubiri ajira ya serikali. Mtoto wangu alipofika umri wa kuanza shule nikajikuta mwalimu asiyeweza kulipa karo ya mwanawe. Mwenzangu niliyesoma naye chuo alikuwa ametangulia Thailand, akaniunganisha na wakala wake, nikafunga safari. Mtoto yuko kwa wazazi wangu.

Sitaki udhani nalia njaa. Kazi yenyewe naipenda. Saa moja na nusu asubuhi huwa niko langoni kupokea watoto, nao hunisalimu kwa kuunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa, hata yule anayevutwa mkono na nyanyake huku akilia. Saa mbili bendera inapanda, wimbo wa taifa unaimbwa, wanasali sala yao ya Kibudha, kisha madarasani. Viatu vinabaki mlangoni. Jumatatu walimu wote tunavaa manjano kwa heshima ya mfalme. Darasa langu dogo kabisa lina watoto 38. Wananiita Ticha Jenny, kwa kuwa jina langu halisi niliambiwa ni gumu.

Jioni napanda pikipiki ya kukodi hadi sokoni, nanunua kuku wa kuchoma, papai bichi lililotwangwa na pilipili, na wali wa kunata ambao watu wa huku huufinyanga kwa vidole kama tunavyofinyanga sima. Chumba nalipia baht 3,500. Wapo wanaonishika nywele bila kuniuliza, na kuna mama wa duka aliyenishauri nitumie krimu ya kung'arisha ngozi, tena kwa nia njema kabisa. Hayo nimeyazoea.

Linaloninyima usingizi ni hili. Mwajiri wangu ni wakala. Shule inamlipa yeye, naye ananilipa baht 23,000, karibu shilingi 90,000 za kwetu. Siku ya kwanza mratibu wa Kiingereza alinisimamisha mbele ya watoto, akaongea Kithai, nikasikia "Amerika" ikitajwa, watoto wakapiga makofi. Nilifikiri ni mazungumzo tu. Baadaye mwalimu mmoja Mthai, ambaye tumekuwa marafiki, akanifunulia: wazazi wanalipa karo ya juu kwa mpango wa Kiingereza kwa sababu wameahidiwa walimu kutoka Marekani na Uingereza. Nilipomuuliza mratibu akacheka, akasema nisijali, wazazi wa huku wakimwona mtu mweusi anayejua Kiingereza wanajua ni Mmarekani.

Nikanyamaza. Viza na kibali changu cha kazi vinasema mimi ni Mkenya, kwa hiyo serikali sijaidanganya. Na kwa kinywa changu sijawahi kumwambia mtoto kwamba natoka Marekani. Wakiniuliza kama kwetu kuna theluji, nawauliza theluji ina rangi gani, tunaingia kwenye somo la rangi.

Meza ya pili yangu anakaa kijana Mwingereza. Alisomea masoko, hakuwahi kufundisha kabla ya kuja huku, na analipwa baht 37,000. Mara nyingi namsaidia kupanga masomo. Ni mpole, simchukii.

Sasa yametokea mawili. La kwanza ni msichana wa darasa la sita, mkimya, anayependa kukaa nyuma. Nina bangili ya shanga za bendera yetu, ile ambayo karibu kila Mkenya anayo. Mwanzoni mwa mwaka wa shule alibaki darasani baada ya kipindi, akatoa simu, akanionyesha bendera ya Kenya, halafu akaigusa bangili. Nikaitikia kwa kichwa. Akaweka kidole mdomoni, na kwa Kiingereza nilichomfundisha mwenyewe akaniambia hatamwambia mtu. Juni ikaja siku ya Wai Khru, siku ambayo wanafunzi hupiga magoti mbele ya walimu na kuwapa maua. Zamu yake ilipofika, alininyooshea trei yake, akaninong'oneza "Kenya," akatabasamu. Nilienda chooni nikalia. Bangili siivai tena shuleni.

La pili: mwezi ujao kuna siku ya kuandikisha watoto wapya. Mkuu wa shule anataka nishike kipaza sauti nijitambulishe mbele ya wazazi kama Ticha Jenny wa Marekani. Bango lenye picha yangu na bendera ya Marekani tayari limechorwa. Wakala anasema nikikubali, mkataba mpya wa kuanzia Mei utakuwa wa baht 28,000. Nikikataa, wapo wanaosubiri nafasi, na mkataba wangu unaisha Machi.

Mama yangu anasema sijaiba cha mtu, muhimu mkono uende kinywani. Baba, ambaye ni mwalimu mstaafu, alikaa kimya kwenye simu hadi nikadhani mtandao umekatika, kisha akauliza, "Na wanafunzi wako wanajua kwenu ni wapi?" Tangu siku hiyo akipokea simu anampa mama.

Rafiki yangu ananiambia niende Korea Kusini, walimu wanalipwa vizuri. Mwingine anasema nirudi nyumbani. Na juu ya yote binamu yangu anataka kuja: kuna mtu wa Telegram amemwahidi kazi ya ualimu Thailand kwa baht 60,000 na tiketi ya bure, ananiuliza kama ni kweli.

Mama, ni dakika mbili tu za kusema jambo lisilo kweli. Je, niharibu kila kitu kwa sababu ya bendera? Nimechoka kujiuliza.

Ticha wa Isaan

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu huo, na hongera kwa somo la rangi. Mwalimu wa kweli hujulikana kwa jinsi anavyolikwepa swali na mtoto bado akatoka na msamiati.

Niseme nilivyoelewa, unisahihishe nikikosea. Unafanya kazi halali, kwa hati halali, katika shule inayokuuza kwa uraia usio wako. Hadi leo ulichotakiwa kutoa ni kunyamaza. Sasa unatakiwa kutoa sauti, na sura yako kwenye bango. Ukikubali kuna nyongeza ya baht 5,000, kama shilingi 20,000. Ukikataa, huenda Machi ikawa mwisho. Nyuma yako kuna mtoto na wazazi wanaokula kwa jasho lako, na ndani ya nyumba hiyo hiyo kuna mzee mmoja aliyeuliza swali moja akanyamaza.

Nianze na hizo dakika mbili. Hotuba itakuwa ya dakika mbili, hilo sibishi, lakini bango halitashushwa ukishuka jukwaani. Mzazi atakayemwandikisha mwanawe siku hiyo atakukuta langoni kila asubuhi na atataka kujua unatoka jimbo gani. Los Angeles kuna mtaa mzima wa Wathai, unaitwa Thai Town, na si ajabu katika ukumbi ule kukawa na mtu mwenye shemeji huko. Utamjibu nini? Sikuulizi ili nikutishe. Nakuuliza kwa sababu kunyamaza hakukuhitaji kukumbuka chochote, ilhali kusema kutakudai ukumbuke ulichosema, kwa nani, na lini. Hesabu yako ya dakika mbili naona imeacha mwaka mzima nje.

Kisha hilo la "kuharibu kila kitu". Naona umeweka mambo mawili tu mezani: ushike kipaza sauti useme uongo, au ushike kipaza sauti useme kweli ukumbi ulipuke. Kati ya hayo kuna nafasi kubwa. Kumwambia mkuu wa shule ofisini, kwa sauti ya chini na kwa heshima, kwamba hutaweza kulisema jambo hilo, si sawa na kumuumbua mbele ya wazazi. Umekaa huko vya kutosha kujua Wathai wanavyojali heshima ya mtu mbele za watu. Sisi wa pwani na bara pia tunajali, tofauti ni kwamba sisi tukikasirika tunasahau. Huyo rafiki yako mwalimu Mthai ana thamani kuliko mimi katika hili. Muulize neno kama hilo hupelekwaje kwa mkubwa, na nani alipeleke.

Jambo jingine ambalo ningetaka ulitilie shaka ni kwamba wazazi wakijua, watakimbia. Nani alikuambia? Mratibu, ambaye bango ni kazi yake. Thailand ina walimu wengi mno kutoka Ufilipino, hawaitwi Wamarekani, na wazazi wanawaletea watoto wao mwaka baada ya mwaka. Lakini sitakupamba maneno. Matangazo ya kazi huko husema waziwazi kwamba shule inataka wazungumzaji wa kuzaliwa, na baadhi ya wanaoyaandika humaanisha rangi ya ngozi kuliko lafudhi. Inawezekana kabisa kuna mzazi atakayeondoa mtoto wake akisikia Kenya. Inawezekana pia kuna mwingine ambaye mwanawe ameanza kuongea Kiingereza mezani kwa sababu yako, na hajali ulizaliwa wapi. Wewe unawajua wazazi hao kwa sura. Mimi siwajui. Ila naona umechukua makadirio ya mtu mmoja mwenye maslahi ukayafanya ukweli.

Kuna swali dogo ambalo barua yako haikuligusa nami linanisumbua. Umewahi kuuona wasifu wako ambao wakala aliupeleka shuleni? Hati zako za serikali ziko safi, vizuri. Lakini mzazi akija juu siku moja, shule inaweza kusema tuliletewa mtu tukaambiwa ni Mmarekani, wakala naye akasema mwenyewe ndiye alijitambulisha hivyo, tazameni video. Video itakuwepo, maana hakuna shule isiyorekodi siku kama hiyo. Leo huu ni uongo wa shule uliokaa juu ya kichwa chako. Ukishika kipaza sauti, utakuwa na sahihi yako. Omba nakala ya wasifu huo, na nakala ya mkataba wako kama huna. Ni ombi la kawaida, halimchokozi mtu.

Tuje kwenye pesa, kwa kuwa anayesema pesa si kitu kwa kawaida amelipiwa karo na mtu mwingine. Shilingi 20,000 zaidi kwa mwezi ni nyingi. Kwetu mwalimu mwanagenzi wa TSC katika sekondari ya msingi amekuwa akipewa hizo hizo 20,000 kuwa posho yake nzima, kabla ya makato. Naelewa kwa nini mama yako anasema anachosema, na nakuomba usimhesabu kuwa ametetea uovu. Anajua bei ya unga. Lakini tazama hesabu kwa upande wa pili: jirani yako wa meza anapata 37,000, wewe utapewa 28,000. Hata ukiwa Mmarekani wa bango, utalipwa Kikenya. Na sehemu ya pengo hilo huenda haihusu uraia wako kamwe, inaingia mfukoni mwa wakala. Walimu wengi wakihama kutoka kwa wakala na kuajiriwa na shule moja kwa moja, mshahara hubadilika bila kubadili pasipoti. Umewahi kujaribu kujua shule inamlipa wakala kiasi gani kwa ajili yako?

Sasa msichana. Nilipoirudia barua, hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Wewe umeandika habari zake kama jambo la kwanza kati ya mawili, halafu swali lako la mwisho likamsahau likauliza kuhusu bendera. Mimi sioni kama bendera ndiyo iliyokupeleka chooni. Mtoto wa miaka 11 au 12 alikuletea maua kwa magoti, na pamoja na maua akakuletea siri yako, kukuhakikishia kwamba ameitunza. Mambo yamegeuka hapo: mwanafunzi ndiye anayemlinda mwalimu. Na siku ya bango naye atakuwa ukumbini, au atasikia kipaza sauti kutoka darasani.

Lakini tusiende haraka kumfanya mhanga. Huenda hana mzigo wowote. Huenda amefurahi kujua kitu ambacho darasa zima halijui, akaisoma ramani ya Afrika peke yake kwa sababu yako, na neno lile alilokunong'oneza lilikuwa zawadi na si kumbusho. Sijui, na wewe hujamuuliza. Darasa la sita huko ndilo la mwisho la shule ya msingi, kwa hiyo Machi anaondoka, mkataba uwe umesainiwa au haujasainiwa. Kama kuna jambo ungependa alijue kutoka kwako, hata kumwambia tu kwamba hana wajibu wa kukufichia, wakati wake ni hizi wiki zilizobaki. Kumwambia nako kuna hatari, maana mtoto aliyefunguliwa siri anaweza kuitangaza kwa furaha kesho yake kwenye foleni ya bendera. Itabidi uamue kama hilo unaweza kulibeba kabla ya siku ya kuandikisha watoto, au baada yake.

Na niruhusu niulize jingine, kwa upole. Msichana wa watu umemweleza mpaka tabasamu lake. Mwanao yuko katika sentensi mbili, na zote mbili ni za karo na malezi. Sikulaumu. Mtu aliye mbali huandika machache pale panapouma zaidi. Lakini yeye anasemaje? Ameshaona picha zako na hao watoto wa huko? Siku moja atakuwa na simu, na picha ya bango haitakuwa vigumu kuipata. Je, ungemweleza vipi? Inawezekana ungeweza kumweleza vizuri tu: nilifanya hivi ili usome. Watoto wengi wa kwetu wamelelewa kwa maelezo kama hayo na wakawaheshimu wazazi wao. Nataka tu hilo jibu ulisikie kwa sikio lako mwenyewe kabla hujalihitaji.

Njia zilizopo naziona hivi. Ukikubali, unapata pesa na utulivu wa karatasi kwa mwaka mmoja, pamoja na yale niliyotaja ya wazazi, video na kumbukumbu. Wapo wanaoishi hivyo na kulala vizuri. Wewe umeshaniambia hulali.

Unaweza pia kuwapa njia ya kutokea bila aibu. Uwaambie uko tayari kupanda jukwaani, utafundisha somo dogo la mfano na watoto watano mbele ya wazazi, na utambulishwe kwa sifa ulizo nazo kweli: mwalimu mwenye shahada ya ualimu na uzoefu wa kufundisha nchi mbili. Bila nchi, bila bendera. Wazazi wakiwaona watoto wanaongea, pengine hawatauliza la pasipoti. Shule inaweza kukubali kwa sababu inabaki na mwalimu wake na haijakiri lolote. Inaweza pia kukataa, na utakuwa umeonyesha msimamo wako mapema. Lakini uelewe kwamba hii njia hairudishi kweli mahali pake. Inakurudisha kwenye kunyamaza, kule ulikokuwa, na ni wewe unayejua kama huko bado panakalika baada ya yale ya Juni.

Njia ya kuhama shule ina majira yake. Mwaka wa shule unaanza katikati ya Mei, kwa hiyo kuanzia Machi shule nyingi zinatafuta walimu, na huo ndio wakati ambao Mkenya mwenye shahada ya ualimu husikilizwa zaidi. Hapo una kitu ambacho kijana wa masoko hana. Mwenye shahada ya fani nyingine huko hutegemea kibali cha muda cha kufundisha kutoka Baraza la Walimu, Khurusapha, ilhali kwa aliyesomea ualimu njia ya kuomba leseni yenyewe imenyooka zaidi. Waulize wao, usimuulize wakala. Hatari ni viza: ruhusa yako ya kukaa imefungwa na kazi hii, na kazi ikikatika ruhusa nayo inakatika. Anayehama bila mwajiri mpya mkononi na bila akiba ya miezi miwili hujikuta mpakani na sanduku lake. Kama ndiyo njia unayoitazama, barua za kuomba kazi ziandikwe sasa, kimya kimya, wakati mshahara bado unaingia.

Korea Kusini usihangaike nayo. Viza ya walimu wa lugha kule, E-2, kwa Kiingereza hutolewa kwa kawaida kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ayalandi na Afrika Kusini. Rafiki yako alikutakia mema tu.

Kurudi nyumbani si kushindwa, lakini pia si dawa ya aibu. Ukirudi uwe umerudi kwa sababu ya mtoto, au kazi, au kuchoka, na uwe umejua karo ya mwaka ujao itatoka wapi. Mwanamke aliyerudi kukimbia bango atakuwa na chuki na bango hilo hata akiwa Voi.

Chochote utakachochagua, usikiandike Facebook. Kumkashifu mtu huko Thailand ni kosa la jinai. Mwaka 2020 Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi huko alikamatwa baada ya kuandika maoni mabaya mtandaoni kuhusu hoteli moja ya kisiwa cha Koh Chang, na mambo yakaisha kwa kuomba radhi. Naye ni Mmarekani wa kweli. Hasira zako ziandike kwenye barua kama hii, ambayo nimeiondolea jina la mji na la shule.

Kuhusu baba, unaonekana umeamua kwamba amekuhukumu. Pengine. Lakini swali alilouliza ni swali ambalo mwalimu humuuliza mwalimu mwenzake, na huenda anampa mama yako simu kwa sababu hajui aendelee vipi bila kukuumiza. Mpigie siku ambayo mama ameenda sokoni. Usimuulize ufanye nini. Muulize alipokuwa akifundisha aliwahi kuamriwa na wakubwa kusema jambo asiloliamini, na alifanyaje. Nadhani atazungumza.

La binamu yako halina pande mbili. Mwambie aache kumjibu huyo mtu leo. Baht 60,000 na tiketi ya bure kwa mwalimu asiyefanyiwa hata usaili ni chambo. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikionya kuhusu watu wanaoahidiwa kazi Thailand kisha wanavushwa mpaka hadi Myawaddy, Myanmar, na kufungiwa kwenye majumba ya utapeli wa mtandaoni. Mwaka 2025 maelfu walipotolewa huko, Wakenya walikuwamo. Tapeli huwa na picha za shule, kwa hiyo picha zisimridhishe. Kama kweli anataka kuja, atafute jina la shule, aipigie mwenyewe kwa nambari aliyoitafuta yeye na si aliyotumiwa, aulize viza anayopewa ni ya kazi au ya utalii, na aulizie ubalozi wetu ulioko Bangkok kabla hajaaga mtu nyumbani.